Diski Moja kwa Bibi Costancia

Alhamisi, 10 Julai 2025

Leo nimeanza rasmi kuhariri harusi ya Loveth. Zimebaki siku tisa. Nyingi mno! Mtu wa kiwango changu zinamtosha tatu. Hizo sita nyingine nitazitumia kupumzika na kupokea pongezi.

Niandike hali ilivyo, ili siku wakija kuniuliza nilianzaje niwe na kumbukumbu. Mimi ni Cornel, mwenye studio ya Cornel Vision, Kimamba, ukivuka reli, chumba cha pili kutoka mashine ya kusaga. Harusi ilifungwa Mikumi tarehe 28 Juni. Siku iliyofuata bwana harusi, ambaye ni mwalimu, akamchukua mkewe wakaenda zao Geita. Bibi aliyemlea Loveth tangu ananyonya, Bibi Costancia wa Ruhembe, hakuhudhuria. Wiki mbili kabla aliteleza jikoni akavunjika nyonga. Kwa hiyo kamati ya harusi imeamua kwamba sherehe ya kuvunja kamati, ile ya kula, kushukuriana na kuangalia video kwa pamoja, itafanyika uani kwa bibi huyo Jumamosi ya tarehe 19, ili naye aione harusi ya mjukuu wake.

Bibi hana simu ya kupangusa na haitaki. Anasema picha za kwenye simu ni ndogo kama kiberiti na watu wake wote wanafanana. Ana televisheni na deki ya DVD, basi. Mwenyekiti wa kamati, Mama Gaudiosa, shangazi yake Loveth, amenipigia asubuhi. Nikamwamkia. Akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye shughuli. Diski moja, akasema, icheze mwanzo hadi mwisho, na mama yake mzazi, yaani Bibi Costancia, amwone Loveth wake. Nikamwambia alale usingizi.

Kuna jambo jingine. Desemba Mama Gaudiosa anamwoza binti yake mwenyewe, Hildegarda. Ukumbi mkubwa, kwaya mbili! Kazi hiyo ni yangu au ya Gerald. Gerald ni mpiga picha wa Mikumi mwenye droni, ndiye aliyepiga picha za mnato kwenye harusi ya Loveth. Mtu mpole, anasalimia kila mtu. Simwamini hata kidogo.

Silaha yangu ni utangulizi. Dakika sita. Ramani ya Tanzania inazunguka, simba anatokea, anafungua kinywa, na humo kinywani linatoka jina langu likiwaka moto. Gerald akiona vile ataiuza droni yake siku hiyo hiyo.

Ijumaa, 11 Julai

Hujuma! Nimefungua programu ya kuhariri, kila kipande kimekuwa chekundu. Kanisa jekundu, keki nyekundu, wazazi wa pande zote mbili wekundu. Maandishi yanasema faili halipatikani. Nilijua mara moja ni Gerald. Nimefunga dirisha, nimeweka kufuli la pili mlangoni, nimekaa kitandani nikipanga maneno ya kusema polisi.

Baadaye nikaenda kwa jirani yangu Yusrah, mwenye duka la steshenari, anayetoa fotokopi na kuchapa barua za kuomba kazi. Si kuomba msaada. Kumpa taarifa tu kwamba mtaa umeingiliwa. Akaniuliza video nilizihifadhi wapi. Nikasema kwenye flashi. Akaniuliza flashi iko wapi. Ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta yake, tangu Jumanne nilipompelekea achape bango langu.

Nimeirudisha, rangi nyekundu imeondoka yote. Yusrah akanieleza kwa upole kwamba programu haibebi video ndani yake, inakumbuka tu zilipo. Ukizihamisha inapotea njia. Nizinakili zote kwenye laptopu, folda moja, nisiziguse. Halafu akasema yeye ameshatunza nakala, kwa usalama, kaka Cornel.

Kwa usalama wa nani? Mtu wa fotokopi anataka nini na kazi yangu? Nitamwangalia kwa jicho la pembeni. Video nimeziacha kwenye flashi ile ile, ila sasa nimeifunga kamba na kuivaa shingoni. Hakuna folda iliyo salama kuliko shingo yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Sauti na midomo havikubaliani. Mchungaji anafumbua mdomo, maneno yanafika baadaye kidogo kama mgeni aliyechelewa gari. Kadiri video inavyosonga, ndivyo inavyozidi. Kanisani Loveth anasema "Ndiyo" kabla hajaulizwa. Mara tatu! Anaonekana binti mwenye haraka ya kuolewa kupita kiasi.

Ukweli ni kwamba kuanzia viapo nilirekodi kwa simu. Betri ya kamera iliisha, maana asubuhi nilikuwa najirekodi mwenyewe nikiandaa kamera, kwa ajili ya utangulizi. Yusrah amenisomea kwenye skrini tatizo liko wapi: simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kila inapojisikia, programu inachanganyikiwa. Nizigeuze kwanza zote ziwe na idadi moja, kisha ndiyo niziingize. Saa tatu za kusubiri, akasema, ukimaliza midomo itakaa.

Saa tatu! Mimi nina njia ya dakika moja. Nimemkata mchungaji. Sasa Loveth anasimama madhabahuni na kusema ndiyo, ndiyo, ndiyo bila mtu kumuuliza kitu. Ina nguvu zaidi.

Ukumbini kuna kasoro nyingine, na hii si yangu. Wakati wa zawadi Loveth alichukua kipaza sauti akaniomba nimsogelee, akamsalimia bibi yake kupitia simu yangu. Siku ile sikusikiliza, nilikuwa naangalia mwanga. Leo nimesikiliza. Mtoto wa watu hajui kuongea mbele ya kamera! Anasema maneno mawili, ananyamaza. Nimepima: sekunde sita za kimya. Anasema tena, ananyamaza, anaitazama kamera tu kwa macho. Mahali pengine sekunde kumi na moja. Nimefyeka vimya vyote. Hotuba ya dakika mbili imekuwa sekunde ishirini na mbili, na inakwenda kasi safi kama matangazo ya redio.

Jumatatu, 14 Julai

Ruhembe. Nimekwenda kuijaribu diski kwenye deki yenyewe, kama wataalamu wafanyavyo. Bodaboda hadi Kilosa, gari hadi Mikumi, gari jingine hadi kwenye miwa. Wanavuna. Walikuwa wamechoma shamba, majivu meusi yanadondoka hadi ndani ya chai.

Bibi Costancia amekaa kwenye kiti barazani, mguu kwenye stuli. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, akauliza mimi mtoto wa nani. Nikamtajia ukoo. Kumbe babu yangu alimfahamu, enzi za mashamba ya mkonge Kimamba. Akasema naye alikuwa na maneno mengi. Nimelipokea kama sifa.

Deki iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikatia diski. Ikanguruma, ikawaza, ikaandika kwamba hakuna diski. Ipo! Nimeitia mwenyewe! Nikarudia mara tatu. Nikamweleza bibi kwamba deki yake imechoka. Akasema hiyo deki inamchezea kwaya kila Jumapili mwaka wa kumi na nne huu, haijamlalamikia uchovu. Akaniagiza nitie diski ya kwaya. Ikacheza mara moja, sauti zote nne.

Nimempigia Yusrah nikiwa nyuma ya nyumba. Akaniuliza faili nililiwekaje kwenye diski. Nikasema nililiburuta nikalitumbukiza, kama unavyotia gunia kwenye keria ya baiskeli. Akacheka vibaya. Deki za zamani hazisomi faili lililotumbukizwa tu, zinataka diski iliyotengenezwa kuwa DVD, yenye mpangilio wake. Sawa. Ndiyo maana ya majaribio.

Nimechunguza pia rimoti. Imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili betri zisitoke. Vile vitufe vya mishale, juu, chini, kulia, kushoto, panya wamevitafuna vyote. Kinachofanya kazi ni kitufe cha kucheza peke yake. Deki yenyewe ina vitufe viwili tu mbele, kuwasha na kufungua. Nimeandika yote haya kwenye daftari na kuyapigia mstari. Hivi ndivyo unavyomtofautisha mtaalamu na Gerald.

Nilipoaga, bibi akanishika mkono. Akauliza kama Loveth alimkumbuka siku ile, kama alimsalimia. Nikasema sana, bibi, alikusalimia kwa kirefu. Akauliza kama alisubiri kuitikiwa. Sikuelewa swali. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 16 Julai

Diski imekataa. Programu inasema mradi ni mkubwa kuliko nafasi iliyopo. Saa mbili na dakika arobaini na sita, na diski moja inataka saa mbili hivi kama unataka picha ionekane. Yusrah amenipa njia mbili: nipunguze ubora kidogo, au nitoe diski mbili. Nipunguze ubora, simba aonekane kama mbwa? Na Mama Gaudiosa alisema diski moja. Diski mbili ni kukiri kushindwa!

Kwa hiyo nimekata. Nikaanza kutafuta sehemu isiyo na maana. Utangulizi, hapana. "Kuhusu Cornel Vision", dakika saba nikiwa nimekaa kwenye kiti cha ofisi nikieleza safari yangu, hapana, hiyo ndiyo elimu. Nikafika kwenye zawadi. Dakika arobaini na nane! Watu wanaingia wakicheza, wamebeba magodoro, sufuria, vitenge, mjomba mmoja na godoro kichwani anazunguka ukumbi mara tatu ili kamera imwone. Muziki mmoja. Nimefuta yote. Na salamu ya Loveth kwa bibi yake ilikuwa humo humo katikati, nayo imekwenda.

Yusrah alikuwa nyuma yangu. Akasema, na hapa namnukuu, "Kaka Cornel, watu hawaangalii video ya harusi kuiona harusi. Wanajiangalia wenyewe wakitoa zawadi." Kisha akauliza kuhusu bibi. Nikasema bibi atamwona Loveth kanisani, akisema ndiyo mara tatu, anataka nini zaidi?

Niseme kweli, usiku wa jana na leo mchana nimekuwa nikikumbuka ule mkono ulivyonishika. Ulinichoma kidogo. Lakini sanaa inadai maamuzi. Nimekunywa chai, imepita.

Alhamisi, 17 Julai

Menyu! Diski bila menyu ni nyumba bila mlango. Yangu ina machaguo manne juu ya picha ya machweo ya Mikumi. La kwanza: Kuhusu Cornel Vision. La pili: Kanisani. La tatu: Ukumbini. La nne: Mawasiliano. Unatembeza mshale unachagua. Kama Ulaya.

Mchana akatokea Gerald, kutoka Mikumi mpaka kwangu, kuniletea picha zake za mnato ili nizitie kwenye video. Na diski mbili tupu za aina nzuri, zawadi. Akaniambia polepole, huku akitabasamu, kwamba deki za zamani zinapenda diski iliyochomwa, yaani iliyorekodiwa, taratibu. Nichague kasi ya nne, nisiiache kwenye kumi na sita. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi kwenye reli.

Nimerudi nikachoma kwa kumi na sita. Ananiona mtoto? Adui akikwambia taratibu, unakimbia.

Nimeijaribu kwenye deki ya Yusrah. Utangulizi, safi. Menyu, safi. Kufika ukumbini bwana harusi akagawanyika vipande vya miraba, uso wake upande mmoja, tai upande mwingine, halafu akaganda akiwa na kijiko cha keki. Nimetumia diski ya pili ya Gerald na kuichoma kwa kasi ya nne. Uamuzi huu nimeufikia kwa utafiti wangu binafsi.

Ijumaa, 18 Julai

Diski imekamilika. Nimeicheza yote kwa Yusrah, haikukwama hata mara moja. Nimetembeza mishale ya rimoti yake juu na chini kama mpiga kinanda. Kitu kimoja kilinigusa akilini nilipokuwa nikibonyeza ile mishale, kama jambo nililotaka kukumbuka. Daftari lilikuwa nyumbani. Likapita.

Nimechapisha pia stika za duara za kubandika juu ya diski. Uso wangu, nimekunja mikono, namba ya simu chini. Yusrah akanikataza kabisa kuzibandika. Stika ya karatasi, anasema, inaongeza uzito, ikipata joto inabanduka, inaweza kukwama ndani ya deki. Wivu! Hata hivyo nimeziweka mfukoni kwa sababu gundi haikuwa imekauka.

Nilipokuwa natoka akanipa bahasha ya kaki. Ndani kuna diski nyeupe, haina hata picha, imeandikwa kwa kalamu tu. Akasema amechoma salamu ya Loveth jinsi ilivyo, ameiweka mwanzo, kisha zawadi zote bila kukata, kutoka kwenye nakala yake, na midomo ameirekebisha. Haina menyu. Ukiitia inaanza yenyewe. Nichukue tu, kaka Cornel, iwe akiba.

Diski bila menyu, bila simba, bila jina! Nimemhurumia. Nimeitia kwenye begi chini ya taulo ili asijisikie vibaya.

Jumapili, 20 Julai

Jana sikuandika. Naandika leo kwa mkono uliotulia kiasi.

Uani kwa Bibi Costancia tulikuwa watu kama hamsini. Turubai, pilau, soda. Televisheni imetolewa barazani, bibi amekaa mbele kabisa, kavaa kitenge kipya, rimoti mkononi. Akasema hiyo ataibonyeza mwenyewe, amemngoja huyu mtoto wiki tatu. Gerald alikuwa safu ya pili, akitabasamu. Mama Gaudiosa akaomba dua fupi. Nikatia diski. Nikasimama pembeni, mahali ambapo watu wangeniona wakigeuka.

Ramani ikazunguka. Simba akanguruma, watoto wakapiga kelele, kuku wakakimbia. Jina langu likawaka moto. Walishangilia! Naandika hapa ili isisahaulike: walishangilia. Dakika ya nne shangwe zikapungua. Dakika ya sita menyu ikatokea.

Bibi akabonyeza. Nikatokea mimi, kwenye kiti cha ofisi, nikisema nilizaliwa Kimamba katika familia ya kawaida. Dakika saba. Watu wakaendelea na soda zao, kwa heshima. Menyu ikarudi. Bibi akabonyeza. Nilizaliwa Kimamba katika familia ya kawaida.

Hapo ndipo nikakumbuka daftari. Mishale! Panya! Kitufe ni kimoja, na kitufe hicho kinachagua kilicho cha kwanza, na cha kwanza ni mimi.

Nikapiga magoti mbele ya deki, nikabonyeza kuwasha, nikabonyeza kufungua, nikaitoa diski nikaifuta kwa shati nikairudisha. Simba. Moto. Nikazaliwa Kimamba mara ya tatu. Mtu mmoja nyuma akasema sasa tumeshamjua huyu bwana, bibi harusi yuko wapi? Yule mjomba wa godoro akasimama akauliza, hata hiyo video ikifunguka, yeye na godoro lake wataonekana? Nikasema wanaonekana kwa muhtasari. Akauliza muhtasari ni dakika ngapi. Nikarudi kwenye deki. Mama Gaudiosa akanitaja kwa majina yangu matatu, polepole, ambavyo hakuna aliyefanya tangu ubatizo. Gerald akainuka akatoa simu yake amwonyeshe bibi picha. Bibi akausukuma mkono wake. Alisema hataki kiberiti.

Kisha akaiweka rimoti mapajani. Akasema basi, si kitu, mwacheni huyo kijana, watu wale wasije wakalala na njaa. Aliyasema vizuri kabisa, bila hasira. Uso wake sikuuweza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Jasho likanitoka, nikavuta taulo kwenye begi nijifute, bahasha ikadondoka.

Mama Gaudiosa akaiokota kabla yangu. Juu yake Yusrah alikuwa ameandika: Kwa bibi, inaanza yenyewe. Akaitia kwenye deki bila kuniuliza.

Hakuna ramani, hakuna simba. Loveth tu, na shela lake, karibu, anatutazama. Akasema, "Bibi, shikamoo." Halafu akanyamaza.

Nikafumba macho. Sekunde sita, nilizipima mwenyewe, sekunde sita za kasoro mbele ya watu hamsini.

Bibi akasema, "Marahaba, mwanangu."

Nikafumbua. Loveth akauliza mguu unaendeleaje, akanyamaza, anangoja. Bibi akamjibu kwamba unauma asubuhi, jua likipanda unapoa, na dawa ile ya kuchua imeisha. Alipomaliza tu, Loveth akaendelea. Akamwambia asilie, na kanga ya kijani ya bibi ameifunga ndani ya gauni hapa kiunoni, hakuna anayejua. Akanyamaza. Bibi akasema alijua tu ataifunga, asubuhi ile aliitafuta kwenye sanduku hakuiona. Hizo ndizo zile sekunde kumi na moja! Zikatosha barabara. Mwishoni Loveth akasema nikija nikukute unatembea. Bibi akainua mkono kuelekea kwenye televisheni, akasema, "Utanikuta."

Mama Gaudiosa anajifuta kwa ncha ya kitenge. Gerald naye. Mimi nililia, na niandike hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nililia hadi kamasi, ingawa majivu ya miwa nayo yalichangia. Yule mtoto alijua bibi yake atajibu kwa namna gani, na kwa muda gani, na akamwachia nafasi. Na mimi nilizifyeka zile nafasi nikaita kasi safi.

Baada ya hapo zikaja zawadi, dakika arobaini na nane zote. Mjomba akajiona na godoro. Ikabidi diski irudiwe yote tangu mwanzo ili ajione mara ya pili.

Jumanne, 29 Julai

Nimekuwa na siku tisa za kutafakari, na sasa naona mambo kwa usahihi zaidi.

Kwa nini watu walilia vile? Nimejiuliza kwa uaminifu. Wangelia kama diski nyeupe ingetiwa tangu mwanzo, ghafla, bila maandalizi? Sidhani. Ni utangulizi ule, mara mbili, uliojenga kiu. Kwa hiyo mafanikio ya Jumamosi ile, ukiyachambua kitaalamu, kwa sehemu kubwa ni yangu.

Mama Gaudiosa hajaliona hilo. Harusi ya Hildegarda amempa Yusrah, na Gerald kwenye picha za mnato. Yusrah amekuja jana kuniomba nishike kamera ya pili. Sharti lake: nirekodi, nisikate kitu, nimpe kadi ya kamera siku hiyo hiyo. Nimekubali. Kwa jinsi nilivyoielewa, ananihitaji kama mkurugenzi mkuu, ila anaona haya kusema.

Jambo moja lilikuwa linaninyima raha. Ile diski ya Ruhembe haina jina. Bibi anaicheza kila asubuhi, anaamkiwa, anaitika, majirani wanakuja kuangalia, na hakuna hata mmoja anayejua ni nani aliyeishika ile simu! Kwa hiyo leo nimekwenda Ruhembe. Nimemwamkia bibi, nikamsifia mguu, sasa anasimama kwa fimbo. Alipoingia ndani kunipakulia chakula, nikaitoa diski, nikabandika stika. Uso wangu, mikono imekunjwa, namba ya simu. Ilikaa vizuri sana. Nikairudisha kwenye deki.

Imeingia. Ikazunguka, Loveth akatokea, bibi akaitikia salamu akiwa huko huko ndani na sahani mkononi. Safi! Ila nilipobonyeza kufungua, deki ikagugumia, ikakataa. Nikabonyeza tena. Ndani kitu kimebanduka pembeni na kushika. Nimejaribu kwa kisu cha mezani, kwa ufunguo, kwa kadi ya kupigia kura. Haifunguki. Inacheza, lakini haifunguki. Nikalazimika kumwambia.

Nilitegemea fimbo. Bibi akaifikiria ile deki kwa muda, akaniuliza kama kwaya yake ya Jumapili nayo haitaingia tena. Nikasema haitaingia. Akauliza kama kuna mtu yeyote anayeweza kumtoa Loveth humo. Nikasema, hakuna, bibi, labda waivunje. Akacheka hadi akaketi. Akasema basi, huyu Loveth wa humu hatamhama tena kwenda Geita, akaniongezea nyama.

Mnaona? Stika inafanya kazi! Nikiwa kwenye gari la kurudi nimeagiza nyingine sitini, na safari hii karatasi nene zaidi. Hildegarda ana bibi upande wa baba huko Magole, hajiwezi miguu, ana deki. Yusrah hajui bado, lakini utangulizi nimeshauanza. Dakika kumi na mbili. Simba wawili.